Je, Yeye Hachoki?



Miaka kadhaa iliyopita, hapa Lubumbashi, nilisimama na mjukuu wangu mbele ya roboti la kuongoza magari. Roboti za namna hii zilibuniwa na mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi, zikaanza kazi Kinshasa mwaka 2013: umbo la mtu, mwili wa alumini, umeme wa jua. Watu wazima waliokuwa kando yetu walilisifu kwa sababu haliombi fedha. Mtoto alilipungia mkono, kisha akaniuliza: “Nkambo, yeye hachoki?”

Nilicheka. Baadaye nikakumbuka hadithi ya Isaac Asimov iitwayo Robbie, ya mwaka 1940. Gloria, mtoto mdogo, anampenda roboti anayemlea. Mama yake anataka aondolewe nyumbani. Mtoto anaona rafiki, mama anaona mashine tu.

Neno lenyewe “roboti” lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920. Lilichukuliwa kutoka neno la Kicheki, robota, yaani kazi ya shuruti. Katika mchezo huo watumishi wanaundwa kiwandani kwa kuwa ni rahisi na hawanung’uniki. Mwishowe wanawaasi mabwana wao. Sisi wa Katanga tunaielewa hadithi hiyo upesi. Miaka ileile, vijana walikuwa wakikusanywa vijijini, wengine kwa nguvu, wakapelekwa katika migodi ya Union Minière. Walihesabiwa kama vyombo, na hakuna aliyewauliza kama wamechoka.

Jioni ile nilifika nyumbani. Binti wa mdogo wangu, tuliyemleta kutoka kijijini ili asome, alikuwa akiteka maji kama kila siku. Mara nyingi nilikuwa nimemkaripia kwa kusinzia juu ya daftari. Mimi, niliyesomea ualimu na kufundisha watoto kwamba kila mtu ni sura ya Mungu, katika miaka miwili sikuwahi kumwuliza swali ambalo mjukuu wangu aliliuliza chuma.

Nikamwuliza. Aliinamisha macho, akakawia kujibu.

“Ninachoka, baba mkubwa.”

Tangu siku hiyo maji ya jioni tunayateka kwa zamu, nami nina zamu yangu.

Wapendwa, leo jioni mtazameni anayewahudumia nyumbani mwenu. Mwulizeni swali lile, kisha mngoje jibu.