Sabuni, Maji ya Kisima na Nywele za Binti Yangu

Katika pwani yetu, tangu Kilifi hata Malindi, wako watu wengi ambao hawajapata kununua chupa ya shampuu maishani mwao, nao wana vichwa safi. Nasema haya mapema kwa kuwa iko fikira inayoenea, hasa katika nyumba za sisi makarani, kwamba asiye na chupa hiyo ni mchafu. Mwaka jana fikira hiyo iliingia nyumbani kwangu. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, alichekwa na wenzake kwa kuwa huosha kichwa kwa sabuni ya kipande, ile ile ifuliayo nguo. Fedha za shampuu hazikuwapo, maana karo ya kaka yake ilikuwa imezimeza. Basi kwa siri akaanza kutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa ina rangi nzuri, hunukia ndimu na povu lake ni jingi.

Baada ya majuma machache nywele zake zilikauka mfano wa makumbi, zikawa zikikatika chanuoni, na kichwa kikamwasha hata usiku asilale. Mama yangu, akaaye nasi, alisema kosa ni la sabuni. Mke wangu akasema ni la maji ya kisima. Wote wawili walisema kweli.

Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji yapitapo humo huiyeyusha chokaa hiyo, na karibu na bahari huchanganyika na chumvi pia. Sabuni ya kipande ikutanapo na maji hayo haitoi povu upesi, bali hugandamana na chokaa ikawa utando mweupe, ule tuuonao ukingoni mwa beseni. Utando huo hubaki nyweleni, na mtu hudhani ana mba. Hata wenye mabomba yaletayo maji kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, hurudi visimani siku mabomba yakaukapo, na siku hizo si chache.

Sabuni ya vyombo haifanyi utando huo, ndiyo sababu husifiwa. Lakini imetengenezwa ili iondoe mafuta katika sahani, nayo haibagui mafuta ya samaki na mafuta ya kichwa. Ng'ambo huitumia hata kuwasafisha ndege wa baharini walioloa mafuta machafu ya meli. Msomaji na apime nguvu zake. Nywele zetu za kipilipili ni kavu kwa asili, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayashuki kwa urahisi katika unywele uliojikunja. Kuitumia mara moja si sumu. Kuitumia kila juma ni jambo jingine.

Na hiyo shampuu yenyewe si ya kale sana. Neno lake limetoka India, na maana yake ilikuwa kukanda mwili. Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759, ndiye aliyeupeleka ukandaji huo Brighton, Uingereza, hata akamhudumia Mfalme George IV. Unga wa kuoshea nywele wa Hans Schwarzkopf ulianza kuuzwa Berlin mwaka 1903. Wazee wa hao wanaocheka, na wazee wa Wazungu pia, waliishi bila chupa.

Mama alileta majani ya mkunazi, akayakausha, akayatwanga, akayavuruga majini mpaka yakatoa povu laini. Huko Oman wanawake wameyatumia kwa nywele tangu zamani. Binti yangu alikataa. Amewaona majirani zetu Waislamu wakiyachuma panapo msiba.

"Nyanya, hayo si ya kuoshea maiti?"

"Maiti huoshwa kwa kitu kizuri, mjukuu wangu," mama akamjibu, naye akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo huosha mara moja kwa juma, kwa maji ya mvua tuyakingayo kwenye pipa. Pipa likiwa tupu, hutumia maji ya kisima na sabuni kidogo, kisha husuuza kwa beseni la maji lililokamuliwa ndimu moja, maana ukali wa ndimu huuondoa ule utando. Hufumba macho, wala hafanyi hivyo akiwa na kidonda. Mwisho hupaka mafuta ya nazi, ambayo mama huyapika mwenyewe kwa tui. (Mwenye mapunye aende zahanati, hayo ni maradhi ya ukungu, na sabuni haiyaponyi.)

Baada ya miezi miwili mwasho ulikwisha, na nywele hazikatiki tena. Kicheko cha wenzake hakikukoma. Kwa hiyo nimemwahidi chupa ndogo ya shampuu mwisho wa mwezi, si kwa ajili ya nywele, bali apate kuitaja shuleni. Mama hakulipenda jambo hilo. Amesema chupa ikiisha asiitupe, ataitilia mafuta yake ya nazi.