Neno la Kila Siku



Likizo iliyopita mimi na mseminari mwenzangu tulivuka bahari kwenda Unguja. Bibi yangu, anayeishi kando ya Ziwa Nyasa, aliposikia safari hiyo alisema kwenye simu: "Mjukuu wangu, bahari ilichukua watu wa kwetu, hawakurudi." Nilicheka. Mimi nilikuwa nawaza urojo wa Forodhani.

Baada ya saa mbili hivi za boti kutoka Dar es Salaam, Mji Mkongwe ulijitokeza: Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020, na nyuma yake minara miwili ya Kanisa letu la Mtakatifu Yosefu. Tulipiga picha nyingi.

Kesho yake tulikwenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Leo hapo pana kanisa kuu la Waanglikana, na nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Wengi waliouzwa pale walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa hadi Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini. Sikucheka tena.

Jioni tulisali Minara Miwili. Tunafundishwa kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakakomboa watoto watumwa kwa fedha, na kuanzia mwaka 1868 wakawalea Bagamoyo. Ni kazi ya huruma, nami ni tunda lake. Lakini siku hiyo nilijiuliza: mtoto aliyehesabiwa fedha mara ya pili, akapandishwa tena chomboni, alijuaje kwamba safari hii ni ya uhuru? Nani alimwuliza jina la mama yake?

Kila siku natamka neno "Mkombozi" kwa wepesi. Pale niliona kwamba kumkomboa mtu hakuishii kwenye kulipa bei yake. Lazima pia asikilizwe, aitwe kwa jina lake.

Usiku nilimpigia bibi. "Bibi, ulisema kweli."

Alinyamaza kidogo. "Umewaombea?"

Nilikuwa nimewapiga picha tu.

Alfajiri tulirudi kanisani. Majina yao hatukuyajua, tukawaombea kama watu wa kwetu. Nawe msomaji, ukifika Unguja, kabla ya picha, waombee.