Nyumba ya Kwihara

Wasomaji wengi wameyasikia majina ya Livingstone na Stanley tangu utoto wao shuleni, wala sina haja ya kueleza tena jinsi walivyokutana Ujiji mwaka 1871. Nataka kusema habari za nyumba moja iliyoko Kwihara, kijiji kilicho mbali kidogo na mji wa Tabora, kwa kuwa nimeizuru pamoja na wanafunzi wangu, nami naona habari zake husimuliwa nusu.

Nyumba hiyo ni tembe: kuta nene za udongo, na juu yake boriti zilizofunikwa udongo, bapa, bila mgongo. Nyumba ya namna hii haidumu pasipo mikono ya watu, maana mvua huila kila mwaka. Basi ilijengwa upya katika karne iliyopita, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Stanley alikaa humo mwaka 1871, wakati Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji na kuwashinda Waarabu, hata Tabora ikachomwa moto. Mwezi wa Februari 1872 alirudi pamoja na Livingstone. Stanley alipokwenda zake pwani, mzee yule alibaki akingoja wapagazi miezi mitano, akiandika, na hata akitengeneza jibini za safari. Mwezi wa Agosti walifika watu 57, naye akaondoka.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hukoma. Walakini mimi naona ya maana zaidi ndiyo yaliyofuata.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Jacob Wainwright, aliyefundishwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, alisoma sala za maziko, akachonga maneno katika gome la mti. Kisha wakaushika mwendo. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza, Luteni Cameron, naye amepanga katika nyumba ile ile ya Kwihara, mgonjwa wa homa. Cameron aliwashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa.

Ndugu msomaji, lifikiri neno hilo. Yule alikuwa afisa wa manowari za Malkia. Hawa walikuwa watumishi na wapagazi, na bwana wao amekwisha kufa. Nani angaliwalaumu kama wangalitii, wakapumzika? Lakini walikuwa wameazimu kumfikisha kwao.

Huko mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakaufunga kama maiti, watu wachache wakatumwa kuurudisha Unyanyembe kana kwamba unakwenda kuzikwa. Walipofika porini waliyatupa mabua moja moja, wakawarudia wenzao kwa kurukia majani nje ya njia, wasionekane nyayo. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa kama robota la nguo. Wanafunzi wangu walicheka sana niliposimulia hayo, nami sikuwakataza, maana ni werevu wa kufurahisha kweli.

Tulipokuwa uani niliwataka wayataje majina. La Livingstone walilitaja wote kwa sauti moja. La Stanley pia. La Susi alilijua msichana mmoja tu, naye alilisikia kwa babu yake, si kwa mwalimu. Tangu siku hiyo nimeyaandika majina ya Susi, Chuma na Jacob katika ubao wa darasa langu.

Mwili ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili. Kati ya wale waliouchukua kutoka bara, Jacob peke yake ndiye aliyekuwapo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka huo huo, lakini walipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.