Nyanya ya Kopo na Sifa Yake Mbaya

Kwa wengi wetu Tanzania, nyanya ya kopo ilikuwa kikopo kidogo cha rojo zito, linalotiwa kijiko kimoja tu kwenye mchuzi wa wageni ili ushike rangi. Mboga ya kila siku ilipikwa kwa nyanya za gengeni, za kukata au kukuna. Baadaye rojo lile likaingia kwenye pakiti ndogo za duka la mtaani, likawa la kila siku. Nyanya zilizopondwa na kufungwa pamoja na maji yake zilikuja nyuma kabisa, kupitia supamaketi, na mpaka leo zinasemwa vibaya: chakula cha mvivu, au cha mtu wa ughaibuni asiye na namna. Naona msemo huo umepitwa na wakati, kwa sababu nyanya ya sokoni nayo haikubaki ile ile.

Tazama California, inakotoka karibu nyanya yote ya viwandani ya Marekani. Kufikia miaka ya 1960 Jack Hanna wa chuo kikuu cha Davis alikuwa amezalisha aina ngumu inayoiva kwa pamoja, ili mashine ivune shamba zima kwa mkupuo mmoja. Mpango wa vibarua kutoka Mexico ulipokoma mwaka 1964, mashine zilienea haraka. Vibarua na wakulima wadogo wengi wakaachwa nje, na hilo si jambo la kulipuuza. Lakini nyanya ya kiwandani husubiriwa iwe nyekundu ikiwa bado kwenye mche, kwa kuwa kiwanda kiko karibu. Ile ya kusafirishwa mbali kwenda madukani mara nyingi huchumwa ya kijani, kisha huivishwa kwa gesi ya ethilini. Mtu wa Minneapolis, kwenye baridi ya kaskazini mwa Marekani, anayepika maharage mwezi Januari, akiacha kopo na kuchukua nyanya ya rafuni iliyopauka, kwa ladha amekula hasara.

Wapo wanaolalamika kwamba nyanya ya kopo ni chachu na haiivi. Mara nyingi wamenunua ile ya vipande, ambayo hutiwa kloridi ya kalsiamu ili vipande visipondeke, kwa hiyo hubaki vikielea mchuzini hata uchemshe vipi. Iliyopondwa huyeyuka. Kaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, mimina, koroga mpaka mafuta yajitenge pembeni ya sufuria. Hapo uchachu huwa umetulia. Anayehofia chumvi asome lebo.

Pingamizi zito linatoka nyumbani. Msimu ukiwa umekolea, nyanya za Ilula, Iringa, huwa zimeiva na bei iko chini, na wiki hizo kununua kopo ni kutupa hela. Ila ni wiki hizo hizo matenga huoza barabarani, halafu mvua zikizidi bei inapaa. Wanaosema kopo linamuumiza mkulima wana hoja pale rojo linapoagizwa kutoka China. Kwa nyanya ya Ilula iliyofungwa Iringa hoja hiyo haisimami: kiwanda ni mnunuzi mwingine siku ambayo soko limejaa.

Hata jikoni kwako kuzifunga nyanya inawezekana, ukifuata kanuni. Nyanya zilizopondwa zichemshwe kwanza, zitiwe za moto kwenye mtungi wa kioo wa lita moja hivi wenye kifuniko cha kubana hewa, pamoja na vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya chupa, ambayo ukali wake haubadiliki kama wa limau la mtini. Uchachu huo ndio unaozuia bakteria wa botulizimu. Mtungi uzamishwe kwenye maji yanayochemka: pwani dakika 45, na Iringa mjini, ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100, dakika 55.