Simu ya Pili

Yule mama hakunitukana. Mpaka leo natamani angenitukana.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, jioni. Nilikuwa kwa keja ya beste yangu Ngara, macho bado yanawasha kwa sababu ya gesi ya polisi, bundles zikikaribia kuisha. Namba ngeni ikaingia. Nikashika.

"Wewe ndiye umeandika kijana wangu amekufa?"

Nikanyamaza. Akaendelea pole pole, kama mtu anayeuliza njia. "Sina ubaya na wewe. Niambie tu, mwili uko wapi?"

Sikujua mwili uko wapi. Sikujua hata kama kuna mwili.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea uanahabari katika chuo kimoja hapa Nairobi. Nilikuwa pia na blogu na ukurasa wa X wa habari za makomredi: karo, hosteli, nani amefungiwa nje ya mtihani. Namba yangu ilikuwa pale juu, mtu akiwa na stori anipigie. Wafuasi walikuwa 14,000. Darasani nilikuwa naketi nyuma kabisa, kwa sababu niliona tayari nimefika pale wenzangu walikuwa wanasomea kufika.

Tulikuwa na lekchara mmoja, mzee aliyekula chumvi nyingi magazetini kabla ya kuja kutufunza. Msemo wake ulikuwa mmoja: simu ya kwanza inakupa udaku, simu ya pili ndiyo inakupa habari. Tulikuwa tunacheka. Simu ya pili, mwalimu, na stori inazeeka kwa dakika tano?

Siku ile ya Juni Wabunge walikuwa wamepitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na waandamanaji wakaingia Bungeni. Watu walipigwa risasi. Intaneti ikaanza kusuasua. Kila ikirudi, magrupu ya WhatsApp yalikuwa yanamwaga picha. Moja ikanishika: kijana amelala kando ya barabara, shati limelowa damu. Chini yake kulikuwa na jina kamili, chuo na kozi. Aliyeituma aliitoa kwa grupu nyingine, na huko nako ilitoka kwingine. Nikaandika, "Lala salama komredi, hatutasahau," nikaweka jina, nikaposti. Ndani ya nusu saa ilikuwa imesambazwa zaidi ya mara 3,000.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa na hasira, na niliamini. Habari nyingi za uongo ambazo nimeona tangu siku hiyo hazikuandikwa na waongo. Ziliandikwa na watu wenye haraka na uchungu, watu kama mimi.

Huyo kijana alikuwa hai. Alipoteza simu akikimbia, akajificha na wengine ndani ya duka moja mjini, na mwenye duka akawafungia mpaka giza liingie. Mtu aliyekuwa kwa ile picha alikuwa mwingine kabisa, na sijawahi kujua ni nani wala kama alipona. Saa nne usiku kijana akaazima simu, akampigia mamake. Kule nyumbani Ukambani boma lilikuwa limejaa majirani. Shangazi mmoja alikuwa amezirai.

Mama akanipigia tena. "Ako hai," akasema. "Hiyo kitu uitoe."

Nikamwambia nishaitoa, mama, na naomba unisamehe. Lakini skrinishoti haziitoi mtu. Usiku huo niliandika marekebisho na kuomba radhi. Yalisambazwa mara 212. Linganisha na zile 3,000 uone ni watu wangapi walibaki wanaamini huyo kijana amezikwa.

Najua mahali ambapo wakubwa wa habari wangetaka nimalizie: mitandao ni sumu, blogu si uandishi, vijana rudini mkasome gazeti. Hapo nakataa.

Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi ikaanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Pengo hilo lilijazwa na wanablogu. Ory Okolloh aliwaomba watu wamtumie waliyokuwa wanayaona, na Januari 2008 yeye na wenzake wakaunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya ripoti za raia kwa SMS na kwa tovuti. Miaka kumi baadaye, tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen. Watu wakafuatilia kwa simu. Na ule Mswada wa 2024 ulisomwa TikTok kifungu kwa kifungu, ukaelezwa kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani. Wengi wetu tulijua kuhusu ushuru wa mkate kutoka kwa msee ameketi kitandani akisomea kamera. Huyo alikuwa anafanya kazi ya habari, awe na kadi ya uanahabari au asiwe nayo.

Halafu kuna Albert Ojwang. Juni 2025, mwalimu huyu aliyekuwa pia mwanablogu alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa X kuhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa polisi. Akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe.

Nilisoma ile taarifa ya kwanza mara mbili, tatu, nikakumbuka picha yangu. Mwandishi akiandika "polisi wamesema" kisha aende zake, amefanya nini tofauti na mimi? Taarifa ikiwa na nembo ya serikali bado ni kitu umetumiwa. Nayo inahitaji simu ya pili. Kwa hivyo mimi siulizi tena kama hii imeandikwa na blogu au na gazeti. Nauliza kama kuna mtu alipiga simu.

Shida ni kwamba simu ya pili hailipi. Ukurasa unalipwa kwa macho, na macho yanamfuata wa kwanza. Gazeti angalau lilikuwa na mtu wa kulipwa mshahara kukaa ofisini akikuuliza, "Umejuaje?" Sisi huku nje hatuna huyo mtu. Ukijiuliza, unajiuliza bila malipo, na kredo ni yako.

Chuo niliacha Septemba hiyo. Watu hufikiria ni ile aibu. Aibu haikufukuzi chuo, karo ndiyo hukufukuza. Niliona salio kwenye portal, nikajua hata tukiuza ng'ombe wote wa nyumbani na yule wa jirani hatutoshi. Siku hizi naandikia yeyote anayelipa, leo makala, kesho maelezo ya bidhaa za mtu anayeuza viatu mtandaoni. Ile blogu bado iko. Kutoka darasani nilibeba sentensi moja tu, ile tuliyokuwa tunaicheka.

Mwezi uliopita mtu alinitumia video: moto kwa hosteli fulani, na maneno kwamba kuna waliokwama ndani. Moyo ukaanza kukimbia vilevile kama siku ile, vidole vikaenda vyenyewe. Nikaweka simu chini. Kisha nikaichukua, nikapigia mlinzi ninayemjua upande huo. Hakushika. Nikapigia dada anayeuza chapati kando ya geti. Akasema moto upo, lakini hajui kama kuna mtu ndani. Nikamwomba aulize. Nikangoja. Wakati nangoja, kurasa tatu zilikuwa zimeshaposti, moja ikasema watu wanne wamekufa.

Dada akanipigia baada ya masaa mawili. Ni godoro na nguo ziliungua, chumba kimoja. Mtu mmoja alikuwa amechomeka mkono na alikuwa ameshapelekwa hospitali. Nikaandika hivyo, aya mbili. Ilisomwa na watu 340.

Nilituma dada pesa ya kredo, shilingi hamsini. Hiyo wiki ndiyo pesa pekee iliyopita kwa ile blogu, na ilikuwa inatoka.