Sura ya Siku ya Kawaida

Katika lugha ya Kiganda picha huitwa ekifaananyi. Neno hilo ni ndugu wa kitenzi cha Kiswahili "kufanana", na ndani yake mna swali linalostahili kuulizwa mbele ya kila picha: inafanana na nini? Je, inafanana na mtu jinsi alivyo, au inafanana na vile alivyotakiwa aonekane?

Swali hilo lilipata uzito mkubwa mjini Kampala baada ya mwaka 2015, zilipopatikana katika Shirika la Utangazaji la Uganda negativu zipatazo 70,000. Hizo zilikuwa kazi ya wapiga picha wa serikali, na nyingi zilitoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Zilihifadhiwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tukio na tarehe. Mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, taasisi iliyoanza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala.

Waliozitazama walikuta hotuba, mikutano, ziara na wageni wa heshima. Ustadi wa wapiga picha hao hauna shaka. Mtu asiyeijua kazi yake hawezi kutunza kumbukumbu kwa nidhamu ya namna hiyo. Hata hivyo, mateso na vifo vya maelfu ya wananchi karibu havionekani humo. Kamera ilikwenda ilikotumwa. Haikutumwa kwenye nyumba ambayo mama aliketi usiku kucha akimngoja mume asiyerudi.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya mpiga picha wa maisha ya kila siku. Huyu hangoji msafara wala tarumbeta. Kazi yake ni kutazama mambo ambayo watu wameyazoea mno hata hawayaoni tena.

Old Kampala humpa mpiga picha wa namna hiyo kazi isiyokwisha. Juu ya kilima umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa katika muongo wa kwanza wa karne hii baada ya ujenzi ulioanza zama za Amin kukwama kwa miaka mingi. Mgeni huinua kamera yake kuuelekea mnara, akapiga, akaondoka. Mpiga picha mwenye subira huushusha macho mteremkoni. Huko huona viatu vilivyopangwa nje wakati wa sala, mkaanga chapati akipuliza makaa, na mwendesha boda boda akisinzia juu ya pikipiki yake wakati jua likiwa kali. Huziona pia nyumba za kale za wafanyabiashara Wahindi, ambao wengi wao walilazimika kuondoka mwaka 1972 walipopewa siku 90 tu kuihama nchi. Kamba ya nguo iliyofungwa leo kwenye roshani ya nyumba hiyo yaeleza mengi kuhusu aliyetoka na aliyeingia.

Lakini mwenye kutaka picha za namna hiyo hana budi kwanza kuwa jirani. Siku ya kwanza kamera hukaa mkobani. Hunywa chai, husalimu wakubwa kwa heshima zao, hujibu maswali kabla ya kuuliza yake. Siku ya tatu au ya nne watu huchoka kumtazama, wakarudia shughuli zao. Hapo ndipo uso wa kupigwa picha huvuliwa kama joho, ukabaki uso wa mtu mwenyewe.

Pili, huijua saa yake. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na jua la adhuhuri husimama juu ya vichwa, likazifanya nyuso kuwa na mashimo meusi machoni. Asubuhi mapema na jioni nuru huja kwa upande, ikionyesha mikunjo ya mkono na moshi wa jiko.

Tatu, na hili ndilo kubwa, huijua mipaka yake. Katika mitaa hiyo hupita wakimbizi, wakiwamo Wakongomani wanaosema Kiswahili. Kwa mtu aliyekimbia bunduki, picha yake ikisambaa yaweza kumfikia yule yule aliyemkimbia. Askari au polisi naye hapigwi picha kazini bila kujali usalama wake na wa kituo chake. Mtoto hapigwi bila ridhaa ya mzazi. Picha iliyoachwa kwa sababu hiyo si hasara. Ni sehemu ya uadilifu wa kazi.

Somo hili haliwahusu wapiga picha wa kazi peke yao. Familia nyingi za askari zina picha ya baba aliyevaa sare, amekaza shingo, medali kifuani. Picha hiyo ni ya heshima na itunzwe. Lakini siku asiporudi, watoto watatamani kujua alivyocheka, alivyoshika kikombe, alivyoketi mlangoni akipiga rangi viatu vyake. Sare ni ya jeshi zima; namna ya kushika kikombe ilikuwa yake peke yake.

Basi mama mwenye simu yenye kamera asingoje harusi wala Idi. Na ampige baba akimchana binti nywele, na bibi akichambua mchele. Kisha picha chache zilizo bora zichapishwe, na nyuma yake yaandikwe majina, mahali na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Wale wapiga picha wa serikali, pamoja na yote yasiyoonekana katika kazi yao, waliacha fundisho hili kwenye bahasha zao: picha isiyo na jina ni yatima. Kizazi kimoja kikipita, hakuna atakayeweza kusema inafanana na nani.