Kubeba Maji Kwenda Ziwani

Husemwa kwamba msafiri kafiri, maana mtu akiwa njiani hujali nafsi yake tu. Lakini ziko njia ambazo msemo huo ukifuatwa huua watu. Mojawapo ni ile itokayo Maralal hadi Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 200 za milima, mabonde na mawe.

Siku moja ya kiangazi, mwaka wa 1987, lori lilitoka Maralal alfajiri. Baridi ya nyanda za juu ilikuwa kali, na abiria 15 walijikunyata juu ya magunia ya unga, kila mtu na blanketi lake. Kati yao alikuwamo mzee wa Kisamburu aliyechukua kibuyu, na kijana mwalimu aliyekuwa akienda kushika kazi kwa mara ya kwanza. Lori liliteremka Marti, likapita Baragoi, na jua lilipokuwa utosini likafika South Horr, bonde lenye miti na vijito chini ya mlima Nyiro. Mlima huo una urefu wa zaidi ya meta 2,700, na Wasamburu huuheshimu kuwa mahali patakatifu.

Hapo mzee alishuka akajaza kibuyu chake. Mwalimu akacheka, "Baba, mbele yetu kuna ziwa. Nani abebaye maji kupeleka ziwani?" Mzee hakujibu.

Alasiri, kwenye mteremko wa mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zamani, mpira mmoja ulipasuka, na ule wa akiba ukapasuka baada ya mwendo mfupi. Chini lilionekana ziwa Turkana, ambalo hadi mwaka wa 1975 liliitwa Rudolf, liking'aa kwa rangi ya kijani, karibu kana kwamba mtu angeweza kulirushia jiwe. Mwalimu, ambaye chupa yake ilikuwa tupu, alivua koti akaanza kuteremka kwa miguu.

"Rudi, mwanangu," mzee alimwita. "Macho hufika kabla ya miguu. Hapo ni mwendo wa usiku kucha, na maji yenyewe yana magadi."

Mwalimu alisimama kidogo, kisha akarudi kwa haya. Mzee hakumkumbusha maneno yake. Alimpa kibuyu mama mwenye mtoto mchanga, kisha mwalimu, kisha wengine, kila mtu funda moja. Wanaume wakashusha magunia, wakaweka mawe kuyazuia magurudumu, huku dereva na taniboi wake wakitia mpira viraka. Mzee alikunywa wa mwisho.

Jua lilipotua ukavuma upepo mkali, upepo ule ule ambao tangu mwaka wa 2018 huzungusha mitambo 365 ya umeme katika nchi hiyo. Walifika Loiyangalani usiku, wote salama, na kibuyu kikavu.

Mwalimu alikaa huko miaka mingi. Hakupita tena South Horr bila kujaza chombo kikubwa kuliko kiu yake.